Haro ya Zamani, Msimu Mpya

Mvua za Ruvuma ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili au Mei, na aliyechelewa kulima hana vuli ya kumfuta machozi kama wenzetu wa kaskazini. Ndiyo maana mwenye haro ya zamani huku mwambao wa Ziwa Nyasa, awe Ngumbo, Lituhi au Liuli, anapaswa kujiuliza mapema: shafti ikikatika siku ya mvua ya kwanza, spea itatoka wapi? Ukibahatika, Mbinga. Usipobahatika, Songea, na huko nako unaweza kuambiwa usubiri mzigo kutoka Dar es Salaam. Lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imetupunguzia adha kubwa, lakini duka la beringi bado halijahamia ufukweni.

Habari njema ni kwamba haro ni zana nyepesi kuielewa. Haina injini, haina gia, haina umeme. Fremu yake nzito inaweza kuyazika matrekta matatu na yenyewe ikabaki imesimama. Vinavyochoka ni vitu vitatu: beringi, shafti na sahani, na kwa sehemu kubwa vinashughulikiwa kijijini ukiwa na zana za kawaida na fundi mwenye subira. Iwe Ransomes ya Uingereza, Baldan ya Brazili, au ya Kihindi ambayo rangi na jina vilishafutika, utaratibu ni uleule. Twende kazi.

1. Anza kiangazi, usingoje wingu

Miezi ambayo upepo wa mwera unachafua ziwa na mitumbwi inalala mchangani ndiyo miezi ya kufungua haro. Vijana wenye nguvu wapo, shamba halikuiti, na jua linakausha kila unachokiosha. Lenga kumaliza ukaguzi wote mwezi Agosti, spea ziwe mkononi kufikia mwisho wa Septemba, na haro ijaribiwe Oktoba. Maonyesho ya Nane Nane ya Nyanda za Juu Kusini hufanyika Mbeya, kwenye viwanja vya John Mwakangale. Kama kuna ndugu anakwenda, mtume akuulizie bei za sahani na beringi kwa wauza zana. Swali halilipiwi.

Liuli wanayo kumbukumbu ya kufumaniwa katikati ya matengenezo. Wajerumani waliita pale Sphinxhaven, na Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imevutwa nchi kavu ikikarabatiwa, Waingereza walipotokea na meli yao Gwendolen. Meli iliyo juu ya magogo haipigani. Ikalemazwa bila hata kugusa maji. Haro iliyofunguliwa vipande vipande mwezi Desemba haina tofauti na hiyo.

2. Ioshe vizuri, lakini si ziwani

Huwezi kukagua usichokiona. Kwangua tope lililoganda kwa tindo butu, sugua kwa brashi ya waya, kisha mwagia maji. Penye kutu na grisi kavu, paka dizeli kidogo kwa brashi, acha usiku mmoja, asubuhi ukwangue.

Kazi hiyo ifanyike mbali na ziwa na mbali na kijito. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, nasi wenyewe tunakula usipa wake na kunywa maji yake. Oili chafu ikusanye kwenye dumu. Itakuwa na kazi baadaye, kama utakavyoona.

Sababu nyingine ya kuosha inahusu shamba lako. Kama haro imetoka kukodishwa, tope lililonasa kati ya sahani limebeba magugu ya shamba la mwenzako. Kiduha kinatisha zaidi: mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu ndogo mno, nazo hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri mahindi. Ndago nayo husafiri kwa vijinundu vyake vya mizizi. Haro inayohama kutoka shamba hadi shamba bila kuoshwa ni msambazaji wa magugu aliyelipwa na mkulima mwenyewe.

3. Iegemeze kabla hujaingiza hata kiganja

Haidroliki ya trekta inanyanyua, haishikilii. Mpira ukipasuka au mtoto akigusa wenzo, mamia ya kilo za chuma hushuka kwa mara moja. Weka magogo imara chini ya fremu pande zote mbili, teremsha haro ikae juu yake, zima trekta, toa ufunguo uweke mfukoni. Zifunge sahani kwa kamba au kabari zisizunguke ukiwa umezishika, maana hata sahani butu inakata nyama.

Kama haro yako ni ya kukokotwa na ina mipira ya haidroliki, usitafute mahali inapovuja kwa kupapasa kwa kidole. Oili iliyo kwenye shinikizo hupenya ngozi kwa tundu usiloliona. Pitisha kipande cha boksi. Kitalowa penye tatizo. Aliyechomwa na oili hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano.

4. Tikisa shafti kabla ya kutazama kitu kingine

Kila safu ya sahani imefumwa kwenye shafti moja, mara nyingi ya mraba, yenye nati kubwa mwishoni. Kati ya sahani na sahani kuna kipande cha chuma cha kutenganisha, mafundi hukiita spuli. Kila kitu kwenye shafti hiyo, yaani sahani, spuli na sehemu ya ndani ya beringi, kinapaswa kubanwa na ile nati hadi vyote vizunguke kwa pamoja. Nati ikilegea, sahani huanza kucheza juu ya shafti. Tundu la mraba linakuwa la duara, kona za shafti zinalika, spuli zinapasuka, mwisho shafti inakatika katikati ya shamba. Haro nyingi zilizotupwa nyuma ya ghala zilikufa kwa ugonjwa huu, na tiba yake ingekuwa spana moja kubwa miaka kadhaa nyuma.

Shika sahani moja kwa mikono miwili uivute na kuisukuma. Safu nzima ikisogea kwa pamoja, shafti imebana na shida iko kwenye beringi. Sahani moja ikitikisika peke yake huku jirani zake zimetulia, shafti imelegea. Tazama pia penye maungano ya spuli na sahani. Vumbi la kutu jekundu lililo bichi linaonyesha kwamba chuma kinasuguana na chuma.

Kukaza kwake kunataka nguvu. Nyoosha kwanza kile kibati au toa pini inayozuia nati. Weka spana inayoenea sawasawa, chomeka bomba refu kwenye mpini wake, watu wawili wavute. Kisha piga sahani kwa nyundo nzito, ukiwa umeweka kipande cha gogo katikati, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa safu. Nati itakubali tena. Vuta, piga, vuta, hadi ikatae kabisa. Rudishia kizuizi chake, na usikibadilishe kwa waya wa kufungia uzio.

Ukikuta spuli imepasuka au tundu la sahani limekuwa duara, kukaza hakutasaidia. Fungua safu nzima, toa kilichokufa, weka kingine. Na shafti iliyopinda ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kukereza. Songea wapo, na ofisi ya SIDO ya mkoa ni mahali pazuri pa kuuliza nani anaaminika. Kunyoosha shafti kwa moto wa mkaa na nyundo kunailainisha, na itapinda tena palepale.

5. Beringi: adui yako ni mchanga wa ufukweni

Udongo wa karibu na ziwa una mchanga mwingi, na mchanga ni jiwe la kunolea. Ukichanganyika na maji ya mashamba ya mpunga unapita kwenye oili sili iliyochoka na kusaga beringi kimyakimya. Haro iliyotumika miaka kumi kwenye udongo mwekundu wa milimani inaweza kuwa na beringi nzima kuliko iliyotumika miaka mitatu mwambaoni.

Jaribio lake ni hili. Sahani zikiwa juu ya ardhi, zungusha safu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa juu ya nyumba ya beringi. Inayozunguka kwa ulaini na kusimama taratibu ni nzima. Ukihisi mikwaruzo mkononi, au ikikwama na kuachia, imekwisha. Ukiweza kuinyanyua safu juu na chini kwa mtaimbo, imekwisha siku nyingi. Beringi moja mbovu usiivumilie kwa kuwa wenzake ni wazima: inaipeleka shafti upande na kuwaua hao wazima.

Kabla ya kutuma mtu dukani, toa beringi mbovu, isafishe, usome namba iliyochongwa pembeni mwake. Namba hiyo ndiyo lugha ya wauza beringi dunia nzima. Isiposomeka, pima upana wa ndani, upana wa nje na unene, na taja umbo la tundu, mviringo au mraba. Bora zaidi, mpe mjumbe beringi yenyewe. Safari ya Songea ya kurudi na beringi isiyoingia inauma kuliko bei yake. Nunua na oili sili zake hapohapo, na ongeza beringi moja ya akiba.

Haro za kale kabisa hazina beringi za gololi. Zina bushi za chuma cha kuyeyushwa, au za mbao. Usizicheke za mbao. Mbao ngumu iliyokauka vizuri, ikachongwa, ikatobolewa, kisha ikachemshwa taratibu ndani ya oili hadi mapovu yakome, inajilainisha yenyewe na kuvumilia vumbi kwa namna ambayo beringi ya bei rahisi haiwezi. Mpingo unafaa sana, na Ruvuma tunao, lakini uvunwe kwa kibali; mabaki ya wachongaji yanatosha bushi za haro nzima. Oili ichemshwe nje, mbali na nyumba za nyasi, moto uwe mdogo, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Maji yasimwagwe kamwe kwenye oili inayowaka.

6. Pima sahani kwa rula, si kwa jicho

Jicho linazoea. Sahani ikilika kidogo kila msimu, mwenyewe huoni, unaona tu kwamba haro siku hizi "haishiki". Chukua rula upime kutoka ukingo hadi ukingo ukipitia katikati. Haro nyingi za kati zilitoka kiwandani na sahani za inchi 20, 22 au 24. Sahani iliyopoteza inchi 4 imemaliza kazi yake: ya 22 ikibaki 18, itoe. Haro hufanya kazi kwa kina cha takriban robo ya upana wa sahani, hivyo unavyopoteza upana unapoteza kina, na hatimaye spuli na nyumba za beringi zinaanza kusugua ardhi ambayo hazikuumbiwa kuigusa.

Sahani za safu moja ziwe na upana unaolingana. Ukichomeka sahani mbili mpya kati ya kongwe, zile mpya zitabeba uzito wote na kuchimba mifereji, huku kongwe zikielea. Kama fedha ni ya nusu tu, weka mpya zote safu ya mbele, na zile za mbele zilizo nzima zihamie nyuma kuziba mapengo, mradi ziwe za aina na upana uleule. Haro nyingi safu ya mbele ina sahani zenye meno ya kukata majani na mabua, na ya nyuma ina sahani laini za kusawazisha. Usibadilishe mpangilio huo kwa kuona uzuri. Na ukirudishia, hakikisha sahani za nyuma zinapita katikati ya njia za zile za mbele, la sivyo utaacha mistari ya ardhi isiyoguswa.

Orodha ya kwenda dukani iwe na vipimo vinne: upana, unene kwa milimita, upande wa tundu la mraba, na kina cha bakuli lake. Kina hicho unakipata kwa kulaza fimbo iliyonyooka juu ya sahani na kupima kutoka fimbo hadi katikati. Muuzaji asiyekuuliza hata kimoja kati ya hivyo, muulize wewe.

Anayedhani udongo hauwezi kula chuma aulize habari za Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha pale Mpango wa Karanga, wakalenga kulima zaidi ya ekari milioni 3 Tanganyika na nchi jirani, wakaleta hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Ardhi ya Kongwa, yenye mchanga mkali na kuwa ngumu ajabu jua linapowaka, ilikula zana zao msimu kwa msimu. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimekwenda. Wao walikuwa na karakana kubwa. Sisi tuna rula, basi tuitumie.

7. Noa, usichomelee

Sahani hutengenezwa kwa chuma kilichopikwa maalumu kiwe kigumu bila kuvunjika. Moto wa kuchomelea unaharibu upishi huo, na ufa mpya utatokea pembeni tu mwa weldi. Sahani iliyopasuka haiponi. Ikate uitumie kwa kazi nyingine. Hutoa majembe na mapanga mazuri.

Kunoa kunaruhusiwa, kwa grinda, upande wa nje wa mgongo, pole pole na kwa kupumzika. Chuma kikigeuka rangi ya bluu umekipasha kupita kiasi na pale patalainika. Usikifanye kiwe wembe: ukingo mwembamba mno unamegwa na kisiki cha kwanza.

Fremu, tofauti na sahani, inachomeleka vizuri. Tafuta nyufa kwenye kona na penye matundu ya bolti, hasa pale rangi ilipopasuka na kutoa mstari wa kutu. Fundi aikwangue hadi chuma cheupe, achomelee, kisha aongeze bamba la kuimarisha. Kuchomelea juu ya rangi na kutu ni kupaka uji.

8. Soma vichwa vya bolti

Bolti za haro si za kitanda. Kichwani mwa bolti ya milimita tafuta namba 8.8 au 10.9. Za inchi hazina namba, zina mistari: mitatu ni nguvu ya kati, sita ni nguvu kubwa. Kichwa kisicho na alama yoyote kinaashiria chuma laini, nacho kikae mbali na nyumba za beringi na maungio ya safu. Haro za Kiingereza za zamani ni za inchi tupu, kwa hiyo usilazimishe spana ya milimita ikaviringisha nati.

9. Vikwangua visisahaulike

Vile vibamba vidogo vinavyokwangua tope ndani ya sahani watu huvitoa kwa kuwa vinapiga kelele. Kwenye udongo wa mfinyanzi wa mabondeni, haro isiyo navyo inageuka magurudumu ya tope baada ya hatua hamsini. Virudishe, viwe karibu na sahani bila kuigusa, nafasi ya milimita 3 hadi 6. Vimepotea? Kipande cha springi ya gari la zamani kinatosha kabisa.

10. Pini za trekta na pini za haro ziwe ndugu

Mfumo wa kufunga zana kwa pointi tatu alioubuni Harry Ferguson wa Ireland kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ndio tunaoutumia hadi leo, ila una daraja zaidi ya moja. Trekta dogo, daraja la kwanza, lina pini za chini za milimita 22 na ya juu ya 19. La kati, daraja la pili, lina za chini za 28 na ya juu ya 25. Kupachika pini nyembamba kwenye tundu pana kunaleta mchezo wa kupigapiga unaotanua tundu na kukata pini. Bushi za kurekebisha tofauti hiyo zinauzwa na hata fundi wa kukereza anazitengeneza.

Misumari na vipande vya nondo mahali pa pini ya usalama ni hatari ya wazi. Nunua pini halisi, na nunua zaidi ya unazohitaji kwa sababu hupotea kwenye majani.

11. Usilitese trekta

Hesabu ya haraka kwa haro ya kubebwa: nguvu farasi 3 hadi 4 kwa kila sahani. Massey Ferguson 240, yenye takriban nguvu farasi 50, haiwezi kwa afya haro ya sahani 20 za inchi 22. Itanyanyua pua, magurudumu yatateleza, dizeli itakwisha na ardhi itabaki mabonge. Kama haro imezidi trekta, wengine hupunguza sahani za mwisho pande zote mbili kwa usawa. Ni suluhisho jema, mradi fundi apunguze na urefu wa shafti au ajaze nafasi kwa spuli ili nati ibane.

12. Ijaribu shamba dogo, na koleo mkononi

Anza na pembe ya safu. Kadiri safu inavyokaa mshazari kuhusiana na mwendo wa trekta ndivyo inavyokata na kugeuza zaidi. Kati ya nyuzi 15 na 25 ndipo kazi nyingi hufanyika. Mzunguko wa kwanza baada ya plau weka pembe kubwa, wa kusawazisha weka ndogo. Kisha rekebisha toplinki hadi safu ya mbele na ya nyuma zizame sawa, na wenzo wa kulia hadi fremu isilale upande.

Endesha mwendo wa kilomita 6 hadi 8 kwa saa kwa umbali mfupi, shuka, chimba kwa koleo sehemu kadhaa. Kina kiwe sawa kushoto na kulia. Ikiacha mfereji upande mmoja, toplinki au pembe ya safu ya nyuma inahitaji kuguswa tena. Badilisha kimoja kwa wakati, ujaribu. Baada ya saa moja ya kazi simama, kaza bolti zote upya, na gusa nyumba za beringi. Ya uvuguvugu ni sawa. Isiyogusika kwa moto ina kasoro, na ni afadhali umeijua Oktoba.

13. Chagua shamba la kupigwa haro

Hapa nasema kwa nguvu, maana haro ikishanoga mwenyewe hutamani kuipitisha kila mahali. Bonde la Ruhuhu na tambarare za mpunga na mahindi za mwambao ni mahali pake. Miteremko ya Umatengo si mahali pake. Wamatengo wamelima milima ya Mbinga kwa ngoro kwa zaidi ya karne moja, mashimo yaliyozungukwa na matuta yenye nyasi zilizofukiwa, na ngoro hizo hushika maji na udongo kwenye mteremko ambao haro ingeuacha mtupu baada ya mvua moja. Mteremko uachiwe jembe la mkono.

Hata tambarare ina masharti yake. Chukua udongo wa kina cha kiganja, ukande, uuangushe kutoka usawa wa kiuno. Ukisambaratika, ingiza haro. Ukibaki bonge, subiri siku mbili, kwa sababu udongo wa mfinyanzi uliopigwa haro ukiwa mbichi hukauka kuwa matofali na chini yake hujengeka tabaka gumu linalozuia mizizi. Kwenye kichanga, mzunguko mmoja au miwili inatosha. Wa tatu unageuza udongo vumbi, na mvua kubwa ya kwanza inauteremsha ziwani.

Shamba lenye ndago au sangari usilipige haro ukitegemea kuyaua. Sahani hukatakata mizizi, na kila kipande huota. Lima kiangazi kikali, mizizi ikae juu ikaushwe na jua. Mwenye mashamba mapya ya msitu wa miombo ang'oe visiki kwanza. Kisiki cha mti wa miombo hakiozi haraka, na kitapinda shafti uliyoigharimia.

14. Grisi kila siku, daftari kila siku

Pampu grisi kila baada ya saa 10 za kazi, na mara mbili kwa siku kwenye tope. Futa nipeli kwanza, vinginevyo unasukuma mchanga ndani kwa bomba la grisi. Kwenye bushi za wazi pampu hadi grisi safi itokeze. Kwenye beringi zenye oili sili acha mara tu inapoanza kuonekana, usije ukasukuma sili nje. Beringi zilizofungwa kabisa hazina nipeli na hazihitaji kitu.

Anayekodisha aandike kwenye daftari: tarehe, shamba, ekari, grisi, kilichokazwa, kilichovunjika. Haro ya upana wa mita 2.2 hufanya ekari 2 hadi 2 na nusu kwa saa shamba likiwa na umbo zuri. Ukiona saa zinaongezeka na ekari zinapungua, sahani zimeanza kuchoka, na daftari litakuwa limekuambia kabla ya mteja.

Msimu ukiisha, ioshe, zipake sahani ile oili chafu ya kwenye dumu kwa brashi, kidogo, isidondoke, na uiweke juu ya mbao chini ya paa. Sahani zikilala kwenye udongo tupu masika yote, kutu inazitoboa bila kulima hata ekari moja.

15. Uzito ni mawe, kamwe si mtu

Haro nyepesi isiyozama huongezewa mzigo: mawe, magogo, magunia ya mchanga, vyote vifungwe kwa mnyororo. Kuna mashamba ambako mzigo huo ni vijana, wanakaa juu ya fremu na kucheka huku sahani zinazunguka sentimita chache chini ya miguu yao. Trekta likiruka kisiki, anayeanguka anaanguka mbele ya sahani, na dereva anayetazama mbele hasikii kitu kwa mngurumo wa injini. Mtoto anayepanda "hadi mwisho wa shamba tu" yuko katika hatari hiyohiyo.

Mwenye haro, liweke jambo hili kuwa sharti la kwanza la kukodisha, kabla ya bei. Mama au baba mwenye shamba, waondoe watoto eneo lote hadi trekta lizimwe. Na dereva anayekubali kubeba mtu juu ya haro, hata mara moja, asipewe tena ufunguo.